Karl Terzaghi: Mhandisi aliyefichua siri ya mlima kuporomoka

MKULIMA wa milimani hahitaji kuambiwa kwamba udongo hutembea. Awe wa Mgeta, Lushoto, Same, Murang'a au Bududa, anajua kuwa shamba lililolala kwenye mteremko ni mali inayoweza kuondoka usiku mmoja pamoja na nyumba, migomba na zizi la ng'ombe. Mfanyabiashara naye anajua kuwa barabara ikikatwa na kifusi kwa siku tatu, kabichi na nyanya zilizo kwenye lori hugeuka takataka.

Kisichofahamika sana ni sababu. Wapo wanaosema nyoka mkubwa aliyelala ndani ya mlima amegeuka. Wengi zaidi husema mvua imelainisha ardhi, ikateleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Maelezo haya ya pili yanasikika kuwa ya kitaalamu, na hata wahandisi waliyaamini kwa miaka mingi. Hata hivyo si sahihi, na anayeyaamini anaweza kutumia fedha zake kwa kinga isiyomsaidia.

Leo tunaangalia maisha ya mtu aliyelipatia swali hilo jibu lenye hesabu. Jina lake ni Karl Terzaghi, aliyeishi kati ya mwaka 1883 na 1963, na ambaye wahandisi duniani kote humwita baba wa mekanika ya udongo. Hakuwa mkulima, lakini mkono wake ulifika hadi Kinangop nchini Kenya, na mafunzo yake yanamhusu kila mwenye kibanda, duka au shamba chini ya kilima.

Mtoto wa mwanajeshi

Terzaghi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1883 katika mji wa Prague, ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, na kijana naye alipelekwa katika shule za bweni za kijeshi akitarajiwa kufuata nyayo hizo. Badala yake alijiunga na chuo cha ufundi cha Graz, Austria, kusomea uhandisi wa mitambo.

Chuoni alikuwa mtukutu kiasi kwamba nusura afukuzwe. Alimaliza mwaka 1904, lakini mitambo haikumvutia sana. Kilichomvutia ni miamba na ardhi. Alipokuwa akitumikia jeshi alitumia muda wake kutafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Kiingereza kuhusu jiolojia ya nyanjani.

Baadaye aliajiriwa na kampuni ya ujenzi ya Vienna, akafanya kazi Kroatia na pia Urusi. Huko alikutana na tatizo lililomsumbua maisha yake yote. Mhandisi wa wakati ule aliweza kukokotoa uzito ambao boriti ya chuma ingebeba kabla haijapinda. Lakini alipofika kwenye udongo alikuwa anabahatisha. Msingi ungeweza kudidimia, ukuta ungeweza kuanguka, na kingo za mfereji zingeweza kuporomoka bila mtu kujua kwa nini.

Mwaka 1912, baada ya kupata shahada ya udaktari Graz, alikwenda Marekani ambako mabwawa makubwa yalikuwa yanajengwa. Nia yake ilikuwa kukusanya taarifa za kazi nyingi, kisha alinganishe aina ya ardhi na matokeo ya ujenzi. Alirudi mwishoni mwa mwaka 1913 akiwa amevunjika moyo. Tatizo alilogundua ni kwamba kila mtu aliuita udongo kwa jina analolijua. Mfinyanzi wa hapa na mfinyanzi wa pale viliandikwa kwa neno moja, ilhali tabia zake zilikuwa mbali kama mahindi na mtama. Bila kuupima udongo wenyewe, taarifa zote zile hazikuwa na faida.

Maabara ya makasha ya sigara

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza aliitwa jeshini. Mwaka 1916 alipelekwa Istanbul kufundisha katika chuo cha uhandisi cha serikali ya Uturuki. Vita ilipokwisha alipoteza kazi hiyo, akapata nafasi katika Robert College, chuo cha Wamarekani kilichokuwa katika mji huohuo.

Hapo ndipo kazi kubwa ilipofanyika, na ilifanyika katika umaskini. Hakuwa na fedha wala vifaa. Alitumia makasha ya sigara na vitu vilivyokwishatupwa kutengeneza vipimo vyake mwenyewe. Alijaza mchanga katika kasha, akapima unavyosukuma ukuta. Kisha akachukua mfinyanzi uliolowa, akaukandamiza kwa uzito uliojulikana, akapima unavyopungua kimo siku baada ya siku maji yanapojitoa. Kazi hiyo ilimchukua miaka kadhaa.

Mwaka 1925 alichapisha Vienna kitabu chake cha mekanika ya udongo kwa Kijerumani. Mwaka huohuo aliitwa kufundisha katika chuo maarufu cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Mtu aliyekuwa akipima matope kwenye makasha alikuwa ameanzisha fani mpya.

Siri yenyewe

Msomaji asiogope hesabu. Wazo la Terzaghi linaeleweka bila kalamu.

Udongo ni mkusanyiko wa chembe, na katikati ya chembe kuna matundu. Matundu hayo yana hewa, maji, au vyote viwili. Kinachoufanya udongo wa mteremko usimame ni chembe kukandamizana na kukwaruzana. Kadiri zinavyokandamizana kwa nguvu, ndivyo inavyokuwa vigumu tabaka moja kuteleza juu ya jingine.

Maji yakijaa matundu yote, nayo huanza kubeba sehemu ya uzito. Maji hayana msuguano. Uzito uliobebwa na maji ni uzito ulioondolewa kwenye chembe, kwa hiyo chembe hulegeza mshiko wake ingawa udongo wenyewe umezidi kuwa mzito. Terzaghi alionyesha kwamba nguvu ya udongo hutokana na mkandamizo unaobaki baada ya kuondoa shinikizo la maji yaliyomo ndani yake.

Mfikirie mtu anayevuka mto. Maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, anasimama imara. Yakimfika kifuani, miguu yake haikanyagi chini kwa nguvu, na mkondo mdogo tu unamwangusha. Uzito wake haujabadilika. Ni maji yaliyombeba. Ndivyo inavyokuwa kwa tabaka la udongo juu ya mwamba baada ya mvua ya siku nyingi.

Hii ndiyo sababu maelezo ya utelezi hayatoshi. Terzaghi alieleza kuwa katika nchi zenye mvua udongo wa chini una unyevu mwaka mzima, kwa hiyo kama unyevu peke yake ungetosha kuuteleza, kusingekuwa na mlima uliosimama. Unyevu kidogo hata huongeza nguvu, ndiyo maana mtoto hujenga nyumba ya mchanga kwa mchanga mbichi na si mkavu. Hatari huja maji yanapojaa na kukosa pa kutokea.

Ukuta usio na matundu

Mafunzo hayo yanawahusu moja kwa moja wanaojenga kuta za kuzuia udongo nyuma ya nyumba au duka. Wengi hujenga ukuta wa mawe na saruji, wakauziba kabisa na kuupiga lipu wakidhani ndio uimara.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua ukuta wenye kimo cha mita 2. Iwapo maji yatajaa nyuma yake hadi juu, maji pekee yatausukuma kwa nguvu ya karibu tani 2 kwa kila mita 1 ya urefu wa ukuta. Mchanga mkavu wa kimo hicho husukuma kwa takriban tani 1 tu. Ina maana kwamba ukuta uliotosha wakati wa kiangazi unaweza kubebeshwa zaidi ya mara mbili wakati wa masika, kwa sababu tu maji hayana njia.

Dawa yake ni rahisi kuliko kuongeza saruji. Ni kuweka tabaka la kokoto nyuma ya ukuta na matundu ya kutolea maji sehemu ya chini. Kuta za mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, ambazo huonekana kando ya barabara zetu, zinafaa kwa sababu hiyohiyo: maji hupita kati ya mawe.

Vienna, ugomvi na kuhama

Mwaka 1929 Terzaghi alirudi Vienna kuwa profesa, na mwaka uliofuata alimwoa Ruth Doggett, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa jiolojia na ambaye alishirikiana naye katika kazi.

Miaka hiyo haikuwa ya amani. Profesa mwenzake wa Vienna, Paul Fillunger, alimshambulia hadharani kwamba nadharia yake ilikuwa ya uongo. Tume ya wataalamu iliundwa, ikaona kwamba Terzaghi alikuwa sahihi. Mwaka 1937 Fillunger na mkewe walijiua. Ni ukurasa wa huzuni katika historia ya taaluma hiyo, hasa kwa kuwa Fillunger naye alikuwa mtaalamu wa kweli ambaye baadhi ya kazi zake ziliheshimiwa baadaye.

Mwaka 1938, Ujerumani ya Hitler ilipoimeza Austria, Terzaghi alihamia Marekani na kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard. Alipata uraia mwaka 1943. Mji wa Chicago ulipokuwa ukichimba njia za treni chini ya ardhi, katika mfinyanzi laini chini ya majengo marefu, yeye ndiye aliyeombwa ushauri. Kijana Ralph Peck alisimamia maabara ya kazi hiyo, na mwaka 1948 wawili hao walitoa kitabu cha mekanika ya udongo ambacho kimewafundisha wahandisi wa vizazi vingi.

Huko Chicago ilionekana wazi namna yake ya kufanya kazi. Hakuamini karatasi peke yake. Alitaka vipimo vichukuliwe kazi inapoendelea, na mpango ubadilishwe kadiri ardhi inavyojibu. Kwa mkulima hili si geni. Anayepanda kwa kalenda bila kutazama mawingu anajua kinachompata.

Bwawa la Sasumua

Katika miaka ya 1950 Nairobi ilihitaji maji zaidi, na bwawa la udongo lilianza kujengwa Sasumua, eneo la Kinangop. Udongo wa kujengea ulikuwa ule mwekundu wa milima ya volkano. Vipimo vya maabara viliwatia hofu wajenzi. Udongo ulikuwa na mfinyanzi mwingi mno na maji mengi mno, na ulikuwa mwepesi kuliko udongo uliozoeleka kwenye mabwawa ya Ulaya na Marekani. Kwa vigezo vya vitabuni haukufaa.

Terzaghi aliombwa ushauri. Alitaka ijulikane udongo ule umeundwa na nini. Uchunguzi ulionyesha kuwa una madini yaitwayo haloisaiti, na kwamba chembe zake ndogo zimegandamana katika vifungu vigumu vyenye matundu. Maji mengi yaliyoonekana kwenye vipimo yalikuwa yamefungwa ndani ya vifungu hivyo. Udongo ule ulijibeba kana kwamba ni wa chembe kubwa zaidi: una nguvu na unashindilika vizuri. Kwa maneno mengine, ulikuwa udongo mzuri.

Bwawa lilikamilika mwaka 1956, na mwaka 1958 Terzaghi aliandika makala kulihusu ambayo wahandisi wanaisoma hadi leo. Sasumua bado linaipatia Nairobi maji. Mwaka 1912 alikuwa amegundua kuwa jina la udongo halitoshi. Zaidi ya miaka 40 baadaye, udongo wa Afrika Mashariki ulimpa ushahidi mwingine.

Sababu za nje na za ndani

Makala yake ya mwaka 1950 kuhusu maporomoko ya ardhi ndiyo inayotufaa zaidi. Aligawa sababu katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni sababu za nje, yaani zile zinazoongeza nguvu ya kuuvuta udongo chini. Mojawapo ni kukata kitako cha mteremko, kama afanyavyo mfanyabiashara anayechonga kilima kando ya barabara ili apate kiwanja cha kibanda. Udongo wa chini ndio ulioshikilia wa juu. Nyingine ni kurundika uzito juu ya ukingo, kama vile kifusi, matofali au tangi la maji.

Kundi la pili ni sababu za ndani, ambapo mteremko unaonekana vilevile lakini nguvu yake imepungua. Hapo ndipo shinikizo la maji linapoingia. Mara nyingi makundi yote mawili hushirikiana: kitako kilikatwa mwaka juzi, na mvua ya mwaka huu inamaliza kazi.

Terzaghi alisisitiza jambo jingine. Mteremko huanza kusogea polepole kabla ya kuanguka, na anayesema ameshtukizwa ni yule ambaye hakuziona dalili. Dalili hizo ni nyufa ardhini upande wa juu, miti na nguzo zilizoinama, milango inayokataa kufunga, na chemchemi mpya au iliyokauka ghafla. Ukiziona wakati wa mvua kubwa, usianze kwa kuokoa magunia. Ondoa watu, kisha uarifu uongozi wa kijiji.

Funzo la Mgeta

Tarehe 23 Februari 1970, zaidi ya milimita 100 za mvua zilinyesha kwa muda wa saa 3 hivi huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Maporomoko zaidi ya 1,000 yalitokea. Watafiti waliokwenda kuyapima waligundua kuwa karibu yote yalianzia kwenye mashamba na maeneo ya majani. Yaliyoanzia kwenye misitu hayakufika hata asilimia 1.

Mizizi ya miti hushona udongo wa juu na kuufunga kwenye tabaka la chini, na mti hunywa maji. Majani ya vetiva, ambayo mizizi yake huweza kushuka mita 2 hadi 3, hufanya kazi kama hiyo kwenye kingo za matuta na barabara. Lakini tusidanganyane. Mporomoko wenye kina kirefu kuliko mizizi hauzuiwi na mti wala jani. Maafa ya Bududa, Uganda, ya mwaka 2010, na ya Katesh chini ya Mlima Hanang ya Desemba 2023, yalitukumbusha kwamba ipo miteremko na njia za tope ambazo kinga pekee ni kutojenga nyumba hapo.

Matuta nayo yanahitaji busara. Kwenye shamba lenye mteremko wa wastani, tuta linalozuia maji yazame ni jambo jema, kwa kuwa linaokoa mbolea na unyevu. Kwenye mteremko mkali ulioanza kuonyesha nyufa, tuta hilohilo linaumwagia mlima maji. Hapo matuta yapewe mwinamo mdogo ili yapeleke maji taratibu kwenye njia iliyopandwa majani, na ufa wowote uzibwe kwa udongo ulioshindiliwa ili mvua isiingie. Bwana shamba aulizwe kabla ya jembe kuinuliwa.

Hesabu ya mkulima

Kwa jicho la uchumi, faida ya mafunzo ya Terzaghi ni kwamba kinga ya kwanza si ya gharama kubwa. Ukuta unahitaji mawe, saruji, nondo na fundi. Mfereji wa kukinga maji juu ya nyumba unahitaji jembe, koleo na siku chache za kazi, kisha kusafishwa kila kabla ya masika. Mwenye fedha kidogo aanze na mfereji. Hata mwenye fedha nyingi aanze na mfereji, maana ukuta bila mfereji ni mali inayosubiri kuanguka.

Kuna tatizo moja ambalo jembe peke yake haliwezi kulimaliza. Mfereji lazima uishie mahali. Ukiishia kwenye shamba la jirani wa chini, hasara haikuondoka. Umeihamisha tu. Vivyo hivyo kwa kalavati la barabara linalomwaga maji ya kilometa nzima kwenye mteremko wa mtu mmoja. Mambo haya yanahitaji kikao cha kijiji, njia moja ya maji inayokubaliwa na wote, na zamu ya kuisafisha. Wafanyabiashara wanaotegemea barabara hiyo nao wana sababu ya kuchangia, kwani siku ikifungwa mzigo unaooza ni wao.

Terzaghi aliendelea na kazi hadi uzeeni. Aliongoza jopo la washauri wa Bwawa Kuu la Aswan nchini Misri hadi alipojiuzulu mwaka 1959 baada ya kutofautiana na wahandisi wa Urusi. Chama cha wahandisi ujenzi cha Marekani kilimpa nishani yake ya Norman mara nne. Bwawa alilolihangaikia akiwa mgonjwa huko British Columbia, Kanada, lilijengwa juu ya ardhi laini ambayo wengi wangeikataa, na mwaka 1965 lilipewa jina lake.

Alifariki dunia tarehe 25 Oktoba 1963 nyumbani kwake Winchester, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 80. Shajara na vitabu vyake vimehifadhiwa Oslo, Norway. Kwa mkulima wa mlimani, alichoacha kinatosha kufanyiwa kazi wiki hii kabla mvua haijaanza: panda juu ya nyumba yako, angalia maji yatapita wapi, na uyape njia.